Mji unaoitika: miaka yangu na Saints Row: The Third

Kila nikimwambia mtu mzima mwenzangu kwamba gemu ninayoipenda kuliko zote ni Saints Row: The Third, swali linalofuata ni lile lile: unapata nini kwenye gemu ya majambazi wanaofyatua risasi ovyo mitaani? Ni swali la haki, na nimelitafakari kwa miaka. Jibu langu linaanzia kwenye vibanda vya gemu vya Dar, kabla sijajua hata kwamba Saints Row ipo.

Waliokua wakati wa PlayStation 2 wanavijua vibanda vile. Chumba kimoja, televisheni za kichogo, benchi la mbao, kanga mlangoni ya kuzuia mwanga, na mwenye kibanda aliyekodolea saa macho. Televisheni nyingi zilikuwa za mpira. Moja ya pembeni ilikuwa ya gemu ya Grand Theft Auto: San Andreas, na hiyo watazamaji wake walikuwa wengi kuliko wachezaji. Pale ulilipia muda, hukulipia hadithi, na jambo hilo moja ndilo lililoamua kila kitu. San Andreas ya mwaka 2004 ina hadithi ndefu: CJ, mhusika mkuu, anarudi mji wa Los Santos kumzika mama yake, kuna usaliti wa rafiki yake Big Smoke, kuna ile misheni ya kufukuza treni kwa pikipiki ambayo imewatoa watu jasho dunia nzima. Kibandani hakuna aliyefika huko. Nani ana hela ya kukaa anasikiliza watu wakibishana kwa Kiingereza cha mitaani cha California huku dakika zake zinayeyuka?

Kwa hiyo kulikuwa na daftari. Jalada lilishatoka, kurasa zilikuwa laini kwa kushikwa, na ndani yake mtu mwenye mwandiko mzuri alinakili kodi za siri, yaani mpangilio wa vitufe vya kubonyeza ili gemu ikupe kitu, kila moja na jina lake pembeni. Ya kifaru nakumbuka mpaka leo: duara, duara, L1, duara mara tatu, L1, L2, R1, pembetatu, duara, pembetatu. Kila mtoto aliyeshika pedi alianza na hiyo. Kifaru kikishuka anaingia, anaponda magari barabara nzima, nyota za kusakwa na polisi zinapanda mpaka sita, wanajeshi wanafika, chumba kizima kinapiga kelele. Muda ukiisha anampisha mwenzake, naye anaanza na kifaru.

Naeleza haya kwa kirefu kwa sababu mvuto wenyewe umo humo. Wale watoto walikuwa wameshajitengenezea gemu yao ndani ya gemu ya watu. Hadithi waliiweka kando, adhabu waliziweka kando, wakabaki na furaha tupu ya kubonyeza kitufe na kuona mji mzima unaitika. Sikumwona hata mmoja aliyetamani kuwa jambazi. Niliona watoto ambao kutwa wanaambiwa kaa, nyamaza, nenda, lete, halafu kwa dakika chache wanapata mahali ambapo wao ndio wanaosema na dunia ndiyo inayosikiliza.

Waliotengeneza magemu makubwa walielekea upande mwingine. Mwaka 2008 ilitoka Grand Theft Auto IV, na naiheshimu sana. Niko Bellic ni mhamiaji aliyebeba vita ya kwao kifuani, magari ni mazito, mvua ya Liberty City inakufanya usikie baridi. Lakini kuna kitu kilikuwa kinanichosha nikiicheza. Gemu inakupa bunduki, inakutuma ukaue, misheni haifunguki bila kuua, kisha inamkalisha Niko ndani ya gari aeleze kwa huzuni jinsi anavyochukia kuua. Nilijiona kama mtu aliyealikwa karamuni akasimangwa kwa kula.

Novemba 2011, kampuni ya Volition ya mji wa Champaign, jimbo la Illinois, ikatoa Saints Row ya tatu. Hao walifanya kile walichokuwa wakifanya watoto wa kibandani: walilichukua lile daftari la kodi wakaligeuza kuwa gemu kamili.

Inaanzia benki. Saints, genge la rangi ya zambarau, wameshakuwa mastaa. Wana maduka ya nguo, wana kinywaji cha kuongeza nguvu chenye jina lao, na yupo mwigizaji wa filamu anayefuatana nao kwenye wizi ili ajifunze namna ya kumwigiza jambazi. Wamevaa vichwa bandia vikubwa vya sura ya mwenzao Johnny Gat, na Gat mwenyewe amevaa kichwa cha Gat. Makarani wa benki wanatoa bunduki. Hazina inang'olewa na helikopta nawe uko juu yake. Muda si muda mmekamatwa na kukabidhiwa kwa Phillipe Loren, mkuu wa kundi liitwalo Syndicate, ndani ya ndege yake. Gat anabaki nyuma kuwazuia maadui ili nyinyi mtoke. Unaruka angani, unamdaka mwenzenu Shaundi, unashuka naye. Ndege inageuka na kuwafuata. Hapo ndipo nilipokaa sawa kwenye kiti: unamwachia Shaundi aendelee kuanguka, unapasua kioo cha mbele cha ndege kwa risasi, unapita ndani yake kutoka puani hadi mkiani huku unapigana, unatokea nyuma, unamdaka Shaundi kwa mara ya pili.

Hayo yote yanatokea kabla hujakanyaga Steelport, mji ambamo gemu inachezwa. Gemu nyingine ingeyaweka mwishoni, baada ya saa nyingi za kukuandaa. Volition waliyaweka mlangoni, na kwa kufanya hivyo walimpa mchezaji ahadi: hapa hakuna kitu kizuri tutakachokuficha mpaka uchoke.

Katikati ya purukushani ya ndege, gemu inasimama na kukutaka uchague wewe ni nani. Mdogo wangu wa kike alikuwa amekuja likizo, na hiyo siku pedi ilikuwa mkononi mwake. Nilidhani atatengeneza msichana mrembo. Akasogeza umri mbele mpaka mikunjo ikatokea. Akasogeza mwili mpaka ukajaa. Akaweka mvi, miwani, ngozi nyeusi ya kung'aa, na baadaye tulipofika dukani akamvisha suti ya zambarau. Akanitazama. Hakuhitaji kusema kitu, lakini alisema, "Huyu ni shangazi." Alikuwa ni shangazi kweli, yule wa Tanga, mpaka namna ya kubana midomo.

Steelport ina namna ya kuteka gari ambayo sijaiona penginepo: ukiwa mbioni, bosi wako, yaani mhusika uliyemtengeneza, anaruka miguu mbele, anapita kwenye kioo cha gari, anamsukuma dereva nje na kutua kwenye usukani. Mdogo wangu alikuwa hajui. Alibonyeza tu, na shangazi mwenye mvi na suti ya zambarau akapaa. Mdogo wangu aliweka pedi mezani kwa kicheko. "Kaka, na goti lake lile!" Gari likagonga nguzo, polisi wakaja, tukashindwa misheni, na hakuna aliyejali.

Tangu siku hiyo hatukucheza na mwingine. Nimekuja kuona kwamba humo kuna ukarimu ambao watu hawausemi vya kutosha. Gemu ina sauti saba za kuchagua: tatu za kiume, tatu za kike, na moja ya zombi anayekoroma tu. Ukiwa mwanamke, ukiwa mzee, ukiwa mnene, ukiwa na ngozi ya buluu, Steelport haibadiliki hata kidogo. Kila mtu anakuita Bosi. Hakuna mzaha hata mmoja kuhusu umbo la shangazi. Anaheshimiwa, anaogopwa, anaamrisha. Mwaka 2011 magemu mengi ya aina hii yalikuwa yanakupa mwanaume mmoja mwenye uso wa hasira basi, na hata leo si mengi yanayomruhusu mwanamke mnene wa makamo awe ndiye anayepindua mji.

Kazi yangu ni kuhariri vichekesho vifupi, vile vya kuangalia kwenye simu, na wakati mwingine naongoza waigizaji. Kwa hiyo niliitazama Saints Row kwa jicho la kazi pia, nikijiuliza kwa nini chuku za hawa zinashika na zetu nyingi zinadondoka. Chukua Angel de la Muerte. Ni mwanamieleka aliyevuliwa kinyago na adui yake Killbane, na amebeba aibu hiyo moyoni. Ili akufundishe kushinda woga, anakupakia simbamarara kwenye kiti cha abiria na kukuambia uendeshe. Ukipunguza mwendo mnyama anachachamaa na kukupiga makucha, gari linayumba. Angel hacheki hata kidogo. Kwake yeye simbamarara ndani ya gari ni somo la kiume kabisa. Au Profesa Genki, mtu aliyevaa kichwa kikubwa cha paka, mwenye shindano la televisheni ambamo unapita vyumba ukiwapiga watu waliovaa mavazi ya wanyama. Watangazaji wawili wanalitangaza kwa utulivu wa watu wanaotangaza mpira wa ligi. Au kule kujirusha mbele ya magari ili bima ilipe: alama zinapanda kila unapodunda, na mashine ya kuhesabu inazijumlisha kwa umakini wa mhasibu.

Nilipoelewa hilo, kwamba aliye ndani ya kichekesho hatakiwi kucheka, nililipeleka kazini. Tulikuwa na kichekesho cha mzee anayedai arudishiwe nauli ya mbuzi wake kwa sababu mbuzi alisimama njia nzima. Kwenye karatasi kilikuwa kinachekesha. Mbele ya kamera kilikuwa kimekufa, maana mwigizaji alikuwa anacheka kabla ya watazamaji na konda naye anajibana mbavu. Nikamwita pembeni nikamwambia: mzee, hii ni haki yako, umedhulumiwa, kadai nauli. Akarudi akaidai. Alitoa tiketi mfukoni akaikunjua taratibu. Mwishoni macho yake yalikuwa yamelowa. Tulilazimika kurudia kwa sababu mshika kamera alishindwa kujizuia. Toka hapo siweki tena vile vicheko vya kubandika.

Kilichonifanya nirudi Steelport mara nyingi, hata hivyo, ni urafiki. Kifo cha Gat, au kile wenzake wanachoamini kuwa ni kifo, kinabaki ndani ya Shaundi muda wote. Yule msichana mvuta bangi na mcheshi wa gemu ya pili sasa ana hasira, hacheki, anataka Syndicate wote wazikwe. Halafu kuna safari moja ya gari na Pierce, mwenzao mwingine wa genge. Redio inapiga wimbo, Pierce na Bosi wanaufuatisha, na kwa muda hamna misheni, ni watu wawili wanaoimba vibaya ndani ya gari. Sikuwa nimeona kitu hicho kwenye gemu ya majambazi. Wanaimba kama tunavyoimba sisi tukirudi kutoka harusini.

Mwishoni gemu inakupa njia panda. Killbane, ambaye sasa ndiye adui mkuu, anatoroka kupitia uwanja wa ndege, na wakati huo huo Shaundi ametekwa kwenye mnara uliotegwa mabomu. Huwezi kwenda kote kuwili. Mimi nilishaanza kupima: nani anatoa zawadi gani, mwisho upi una misheni nzuri. Mdogo wangu aligeuza gari kabla sijamaliza sentensi. "Killbane atakuja kuuawa siku nyingine. Shaundi je?" Akapita juu ya kingo za barabara, juu ya bustani, juu ya kila kitu. Gemu iliyotumia muda wake wote kutuchekesha ilikuwa imeshamfanya apigane na dakika kwa ajili ya mtu wa kuchorwa.

Kuna mahali pamoja ambapo siitetei. Kuna misheni ya meli iliyobeba makontena, na ndani ya makontena kuna wanawake waliokusudiwa kuuzwa. Gemu inakutaka uamue faida uichukue kwa njia ipi, na inalifanya lote kuwa mzaha. Huku kwetu wasichana wanaahidiwa kazi nchi za mbali na kunyang'anywa pasipoti wakifika. Hilo si jambo la kutunga. Mdogo wangu alinyamaza, akaniachia pedi, akaenda kunywa maji. Nimejiuliza kwa nini simbamarara anachekesha, na bima inachekesha, lakini hapo kicheko kinakatika. Naona ni kwa sababu sehemu zote nyingine anayeumia ni Bosi mwenyewe, au ni wakubwa wenye bunduki, au ni mji wa plastiki unaojijenga upya ukigeuka. Wale ndani ya makontena hawakuwa na jina, sauti wala zamu ya kujibu. Chuku iliyokuwa ikipanda juu ghafla ikashuka chini kumkanyaga aliyelala. Waandishi walewale walioweza kumpa shangazi wetu heshima yote ile wangeweza kufanya vizuri zaidi, na gemu ingekuwa nzuri zaidi.

Na kwa kuwa nimetaja vibanda: hii ni gemu ya miaka 18 na kuendelea, imeandikwa kwenye kasha, na inastahili kuandikwa. Anayemiliki kibanda na kuwaacha watoto wa darasa la tatu waicheze anakosea, hata kama sisi tulikua na kifaru chetu.

Walioanza na ya tatu mara nyingi hawajui ilikotoka. Saints Row ya kwanza, mwaka 2006 kwenye Xbox 360, ilikuwa karibu nakala ya San Andreas, na wakosoaji walisema hivyo waziwazi. Ya pili, 2008, ndiyo iliyoanza kutafuta njia yake, lakini ilikuwa na mguu mmoja kwenye giza: kuna kijana wa genge, Carlos, anafungwa kwa mnyororo nyuma ya gari na kuburutwa mpaka Bosi anamaliza mateso yake kwa risasi. Saa hiyo hiyo gemu inakutuma ukanyunyizie majumba ya matajiri uchafu wa choo. Baadhi ya mashabiki wanaipenda ya pili kwa mchanganyiko huo. Mimi nadhani ya tatu ilifanya uamuzi sahihi kuchagua upande.

Baadaye mambo yalienda kasi. THQ, waliokuwa wachapishaji, walifilisika, na Januari 2013 Volition na Saints Row wakanunuliwa mnadani na Koch Media kwa dola milioni 22 na ushee. Agosti mwaka huo ikatoka ya nne, ambamo Bosi ni rais wa Marekani, viumbe wa anga wanavamia, na unapaa juu ya maghorofa kama upepo. Niliicheza kwa furaha, lakini niligundua jambo: ukishaweza kupaa, huhitaji gari, usipohitaji gari, hakuna wimbo wa garini. Nguvu zilikuwa zimezidi mpaka zikakula kile nilichokuwa nakipenda.

Mwaka 2022 wakaanza upya katika mji wa Santo Ileso, na vijana wanne wanaoanzisha genge huku wakihangaika na kodi ya nyumba. Nilitaka sana niipende. Urafiki ulikuwepo, tena mwingi, ila kila mtu alikuwa anaueleza kwa maneno badala ya kurukia ndege kwa ajili yake. Chuku nayo ilikuwa na woga, ilikuwa inaomba ruhusa. Gemu haikufanya vizuri, na tarehe 31 Agosti 2023 wamiliki wake, Embracer Group, wakaifunga Volition. Watu ambao walikuwa wameshajifunza, kwa miaka mingi ya kazi, ni sekunde gani hasa ya kumwachia Shaundi na sekunde gani ya kumdaka, walitawanyika. Ujuzi wa aina hiyo hauandikwi kwenye karatasi. Unakaa katika watu waliokaa chumba kimoja wakabishana kwa muda mrefu, na niliumia kama ninavyoumia nikisikia bendi niliyoizoea imevunjika.

Gemu yenyewe ipo. Ya tatu ilitolewa tena mwaka 2020 ikiwa imepakwa rangi upya, na ile ya zamani inaenda hata kwenye laptop ya kawaida yenye kadi ya picha ya kueleweka. Ukitaka kuijaribu anza na hiyo, usianze na ya kwanza. Usiicheze peke yako usiku ukiwa umechoka, maana utaona risasi tu. Tafuta ndugu au rafiki, mketi kochi moja, pedi moja mpokezane. Kwenye kutengeneza Bosi msiwe na haraka. Vuteni umri, vuteni mwili, mchagueni mtu mnayemjua wote wawili, na mkikaribia gari la kwanza, kimbieni kabla ya kubonyeza.